Kila metali na mwanga wake: AAS inavyopima shaba

Mkulima wa zabibu wa Hombolo akifungua kiroba chake cha udongo mezani, huoni shaba yoyote. Unaona vumbi jekundu na vijizizi vikavu. Lakini kama shamba limepigwa dawa za ukungu zenye shaba msimu baada ya msimu, shaba imo, maana shaba haiozi. Imo kiasi gani? Njia moja ya kujua ni kupima mwanga unaofyonzwa na atomi zake, kipimo ambacho watu wa maabara hukiita AAS.

Atomi iliyo peke yake, isiyoshikana na nyingine, huchagua mwanga wa kumeza. Ya shaba humeza mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 324.7, ya zinki 213.9, na macho yetu hayauoni wowote kati ya hiyo. Ya sodiamu ni 589, njano, ile unayoiona maji ya wali yenye chumvi yakifurika na kumwagikia motoni. Jikoni sodiamu inautoa mwanga huo. Kwenye AAS tunapima ule unaomezwa.

Sasa utapata wapi mwanga wa nanomita 324.7 tupu? Tengeneza taa ambayo ndani yake kuna kipande cha shaba. Shaba ya taa hutoa mwanga uleule ambao shaba ya udongo itaumeza. Ukitaka kupima zinki, unabadili taa. Mwanafizikia Alan Walsh, akifanya kazi Australia, alichapisha wazo la kupima metali kwa njia hii mwaka 1955, na kwangu mimi taa hiyo ndiyo akili yote ya mashine.

Udongo hauingii kwenye mashine kama ulivyo. Hukaushwa, huchekechwa, kisha gramu moja huchemshwa kwenye tindikali ya naitriki, huchujwa, na kuongezewa maji safi hadi mililita 50. Kimrija chembamba huvuta maji hayo na kuyapuliza yawe ukungu. Sehemu kubwa ya ukungu huo hushuka kwenye ndoo ya uchafu. Ni kidogo tu kinachofika kwenye moto wa hewa na asetilini, gesi ya mafundi wa kuchomelea, wenye joto la nyuzi 2,300 hivi. Humo maji hukauka, chumvi huvunjika, atomi za shaba hubaki huru kwa kitambo kidogo sana, na mwanga wa taa unapita katikati yao.

Mashine haijui miligramu. Inajua tu mwanga umepungua kiasi gani. Kwa hiyo kwanza unailisha maji ambayo shaba yake unaijua. Tuseme miligramu 1 kwa lita imesoma 0.10 kwenye kipimo cha mashine, ambacho ni cha logi wala si asilimia, na miligramu 2 imesoma 0.20. Udongo wetu ukisoma 0.15, yaani karibu asilimia 29 ya mwanga imemezwa, maji yake yana miligramu 1.5 kwa lita. Katika mililita 50 hiyo ni miligramu 0.075, nayo imetoka kwenye gramu moja ya udongo: miligramu 75 kwa kilo. Ukikosea kutengeneza yale maji ya kulinganishia, mashine itakupa jibu la uongo bila aibu. Na hata likiwa sahihi, hiyo ni shaba iliyong'olewa na tindikali, si ile ambayo mzizi wa mzabibu unaweza kuinywa.

Moto una mipaka yake. Metali ya risasi kwenye maji ya kunywa, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.01 kwa lita, ni ndogo mno kwake. Hapo hutumika kijitanuri cha grafiti, kinachozishikilia atomi muda mrefu zaidi kwenye njia ya mwanga. Na anayekuja na chupa ya maji ya kisima kutoka Singida akiuliza floridi, AAS haimsaidii. Floridi si metali. Hupimwa kwa elektrodi yake.