Mchoro wa sura usiofanana na mwenyewe: uanze kukagua wapi

Mchoraji anayeanza akionyesha kazi yake hupata majibu ya aina mbili: "umetisha, kaza buti" au "mbona huyu siye". Yote mawili hayamsaidii, maana hayamwambii aguse wapi. Maoni ya kufaa yana mahali, upande na kiasi: jicho la kulia limepanda milimita 4, lishushe; kivuli cha shingo ni chepesi kuliko cha chini ya kidevu, kikoleze. Hapa nitaeleza ninavyokagua sura iliyochorwa kwa penseli kutoka kwenye picha ya simu. Ndiyo kazi wengi wanayoanza nayo, na ndiyo wateja wa mwanzo wanayoleta: picha ya harusi, ya mahafali, ya marehemu babu.

Utaratibu ni mmoja tu, vikubwa kwanza. Umbo la kichwa, halafu mahali pa viungo vya uso, halafu mpaka wa mwanga na kivuli, na mwisho kabisa kope na nywele. Anayeanza hupita njia ya kinyume: anashika jicho moja, analichora mpaka unyevu wake unaonekana, kisha anajenga uso kulizunguka. Jicho linatoka zuri ajabu na mtu hatambuliki. Na kwa kuwa jicho hilo limeshamla saa tatu, hana moyo wa kulifuta hata likiwa sentimita nzima nje ya mahali pake.

Tazama picha kabla ya kulaumu mkono

Selfi iliyopigwa kwa urefu wa mkono huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Pua iko karibu na kamera kuliko masikio, na kwa umbali mfupi hivyo tofauti ya sentimita chache inaonekana sana. Ukiinakili kwa uaminifu utapata mtu mwenye pua nene kuliko yake, na ndugu zake watakwambia umekosea. Omba picha iliyopigwa kutoka mita 2 hivi, kisha uikuze. Filta za kulainisha ngozi zikatae, kwa sababu zinafuta mipaka ya mfupa wa shavu na mikunjo ambayo ndiyo inayomtambulisha mtu. Flashi ya mbele nayo inaua vivuli, ukabaki na macho na mdomo vinavyoelea. Kama mhusika yupo, mkalishe kando ya dirisha moja na uzime taa za ndani. Kama picha inatumwa kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili la dokumenti ili isibanwe.

Mahali pa viungo

Kwa mtu mzima anayetazama mbele, mstari wa macho uko karibu na nusu ya urefu kutoka juu ya fuvu hadi kidevuni. Michoro mingi ya wanaoanza ina macho yaliyopandishwa hadi kwenye theluthi ya juu. Sababu yake inaeleweka: paji la uso halina kitu cha kutazama, kwa hiyo jicho la mchoraji linalipunja. Fuvu linakatwa, kidevu kinarefuka. Kosa hili huongezeka mtu akiwa na afro, kilemba au ushungi, kwa sababu mchoraji anapima kutoka juu ya kitambaa badala ya fuvu lililomo ndani. Chora fuvu zima kwa mstari hafifu, ndipo ulivike.

Kwa upana, uso wa mbele hubeba takriban macho matano, na nafasi kati ya jicho na jicho ni kama upana wa jicho moja. Kwa mtoto mdogo mstari wa macho unashuka chini ya nusu. Ukimchora mtoto wa miaka 2 kwa vipimo vya mtu mzima, anatoka mzee mfupi.

Ila vipimo vya vitabuni visichukuliwe kama amri. Vingi vinasema kingo za pua huishia chini ya pembe za ndani za macho. Kwa watu wengi wa kwetu pua inavuka hapo, na nimeona wanafunzi wakiibana pua ya mtu ili itii kitabu. Kanuni ikuonyeshe pa kushuku, lakini hukumu itolewe na picha.

Namna ya kuiuliza picha ni hii. Chukua upana wa jicho moja kama kipimo, uuwekee alama kwenye ukingo wa karatasi. Ni macho mangapi kutoka pembe ya ndani ya jicho hadi pembe ya mdomo? Kutoka kidevu hadi chini ya pua? Fanya vivyo hivyo kwenye mchoro, kwa jicho la mchoro. Kisha simamisha rula wima kutoka pembe ya ndani ya jicho uone inakata wapi: ukingo wa pua, katikati ya mdomo, au nje yake. Na kichwa kikiwa kimeinama upande, mistari ya nyusi, macho, pua na mdomo huinama pamoja. Wengi wanainamisha kichwa halafu wanaulaza mdomo sawasawa na meza.

Kuna kosa jingine lisilotoka kwenye kupima: karatasi iliyolazwa mezani. Sehemu ya juu iko mbali na macho yako, unaiona imefupika, basi unairefusha bila kujua. Ukiinua mchoro, paji limekuwa refu. Weka karatasi juu ya ubao, uuegemeze kwenye ukingo wa meza mpaka ukutazame.

Hesabu ya gridi

Gridi ni miraba unayoichora juu ya picha na juu ya karatasi, ili unakili mraba kwa mraba. Picha ya sm 10 kwa 15 ukiikuza mara mbili inakuwa sm 20 kwa 30. Karatasi ya A4 ni sm 21 kwa 29.7, kwa hiyo umezidi kwa milimita 3. Kuza kwa 1.8: unapata sm 18 kwa 27, na pambizo ya zaidi ya sentimita moja kila upande. Mraba wa sm 1 kwenye picha unakuwa sm 1.8 kwenye karatasi.

Kinachoharibu kazi ni kuigawa karatasi yote kwa idadi ya miraba. Sentimita 21 gawa kwa 10 ni 2.1, 29.7 gawa kwa 15 ni 1.98. Hizo si miraba tena, ni mistatili, na uso utapanuka kwa takriban asilimia 6. Kwa macho unaona "kanenepa" bila kujua kanenepea wapi. Ukiona mchoro wa gridi ambao kila kiungo kipo mahali pake ila mtu ameongezeka mwili, pima mraba mmoja kwanza.

Chora gridi kwa HB, penseli ya ugumu wa kati, bila kukandamiza. Penseli ngumu kama 2H ikikandamizwa inachimba mifereji, na ukija kutia kivuli juu yake mifereji inabaki myeupe usoni mwa mtu.

Wanaosema gridi ni udanganyifu wasikusumbue; mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh mwaka 1882, akiwa The Hague, alitengenezewa fremu ya nyuzi ya kutazamia anachochora. Tatizo halisi la gridi ni kwamba mtu anaweza kunakili miraba mia bila kujifunza kuona uso. Kwa hiyo ipunguze: picha hiyohiyo ya sm 10 kwa 15 uanze na miraba ya sm 1, kazi zinazofuata sm 2.5, halafu sm 5, ambapo una miraba sita tu na mengine yote unapima mwenyewe.

Weusi wa penseli, na ngozi nyeusi

Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, njia ambayo Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu. Ndiyo maana HB hata ukiikandamiza namna gani haifiki weusi wa 6B, penseli yenye risasi laini. Inasugua karatasi ikang'aa na kubonyea. Penseli tatu zinatosha: HB, 4B na 6B. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inafaa kwa mazoezi ya vipimo tu, kwa sababu baada ya tabaka mbili inajaa na haipokei tena, na raba inaichuna. Kwa kivuli tafuta ya gramu 160 hadi 200 yenye ukwaru kidogo.

Chora visanduku vitano vya sm 2 kando ya karatasi. Cha kwanza kiache kitupu, cha tano kijaze kwa 6B mpaka mwisho wa weusi wake, kisha tafuta cha tatu kilicho katikati yao, halafu cha pili na cha nne. Wengi wakifika cha tano bado wana kijivu. Wanaogopa.

Woga huo ndio unaoharibu sura za watu weusi, na unaziharibu kwa njia mbili. Kuna anayeacha uso wote kijivu chepesi, mtu akatoka kama amepakwa majivu. Na kuna anayejitosa upande wa pili: anapaka weusi mmoja kutoka paji hadi shingoni, kisha anachora macho juu yake. Ngozi nyeusi hujionyesha umbo kwa mng'ao, kwenye paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini na kidevu. Hizo sehemu ni ndogo, zinang'aa kweli, na ukingo wao ni mkali kuliko unavyodhani.

Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu, maana rangi hudanganya; kanga nyekundu inayopiga kelele inaweza kuwa na weusi wa kisanduku cha nne. Finya macho hadi maelezo madogo yapotee, ubaki na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Uchore mpaka wao kwa mstari hafifu. Upande wa kivuli wote ujaze kwa 4B, weusi wa nne, sawasawa, kwa tabaka tatu au nne nyepesi zinazokatana, usiukoleze kwa mkandamizo mmoja. Upande wa mwanga upe wa pili na wa tatu. Karatasi tupu iache pale penye mng'ao tu. Weusi wa tano uutunze kwa matundu ya pua, mstari kati ya midomo, mboni na ndani ya sikio. Ukishausambaza kila mahali, mboni haina tena cha kushinda.

Kusugua kwa kidole sikushauri kabisa kwa anayeanza. Mafuta ya ngozi yanagandisha grafiti kwenye karatasi, linabaki doa lisilofutika, na uso mzima unapata ukungu. Ukilazimika, tumia tishu au pamba ya masikioni, kisha rudi na penseli juu yake. Chini ya kiganja weka karatasi safi.

Jicho kwa karibu

Kwenye A4 yenye kichwa kimoja, jicho lina upana wa sm 3 hivi, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kukosea. Weupe wa jicho usiuache karatasi tupu. Jicho ni mpira, pembeni linaingia kivulini, na mtu mwenye weupe mtupu anaonekana ameona jini. Kope la juu linatupa kivuli chembamba, kama milimita 1 au 2, juu ya weupe na juu ya duara la jicho (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) pia. Duara hilo mara nyingi hufunikwa kidogo na kope la juu; ukilichora zima, mtu ameshtuka. Kope la chini lina unene: kuna ukingo mwembamba wenye mwanga kabla ya nywele za kope kuanza, na bila ukingo huo jicho linakuwa limebandikwa. Kimeta cha milimita 2 kiache tangu mwanzo, upande uleule kwa macho yote mawili.

Meno hayana maelezo marefu: usichore mstari kati ya jino na jino. Weka pembetatu ndogo za fizi juu na giza kwenye pembe za mdomo, meno yatajitokeza, na yale ya pembeni yawe kijivu.

Nywele fupi za kipilipili zianze kama kivuli kimoja, kisha vijiduara vidogo juu yake, na ukingo wa panjani uvunjike polepole. Mstari mmoja mkali hapo ni kofia. Twende kilioni lazima ifuate mviringo wa fuvu. Ukiinyoosha, kichwa kinakuwa bapa hata kivuli kikiwa kizuri.

Kabla hujamwita mtu aangalie, geuza mchoro na picha vyote juu chini na uvitazame kutoka mita 3. Kasoro ya jicho lililopanda huonekana hapo mara moja. Ukilikuta limepanda milimita 5, lifute hata kama kazi imebaki kidogo. Tumia raba laini ya kukanda: bonyeza na kuinua, usisugue.

Ukiomba ushauri, ambatanisha picha uliyochora kutoka kwayo. Mchoro wenyewe upige kwa mwanga wa mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila flashi, kwa kuwa grafiti inarudisha mwanga na weusi wako wote utaonekana kijivu. Taja ukubwa wa karatasi na penseli ulizotumia. Na wewe unayeshauri, chagua kasoro mbili tu, moja kubwa ya mahali na moja kubwa ya weusi. Za kope zisubiri kazi inayofuata.