Spika haiwaki? Weka chini hiyo karatasi ya sigara

Jumatatu hapa Kibuye, Kisumu, ni siku ya spika, zile kubwa za kuchomekwa kwenye umeme. Matanga yamepita Ijumaa na Jumamosi, kanisa limepita Jumapili, na zile zilizogoma zinateremshwa kutoka kwa matatu za Ahero, Siaya na Maseno. Wenyewe huja na maelezo yale yale: "Fundi, ni fyuzi tu imeungua. Niliweka kubwa kidogo lakini bado imekataa."

Hiyo "kubwa kidogo" ndiyo inayonilipia kodi ya duka.

Fyuzi iliyoandikwa T3.15A, yaani ya ampea 3.15, kwa kawaida haikatiki kwa sababu ni dhaifu. Inakatika kwa sababu ndani kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi. Mara nyingi ni daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za pawasaplai, ile sehemu inayogeuza umeme wa soketi uifae spika, zilizopiga shoti, au transista yake, au varista, kinga ya volti zikipanda, iliyoungua stima ilipopotea ikarudi kwa nguvu. Ukiweka fyuzi ya ampea 10, au ukaiviringishia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, shoti bado ipo pale pale, ila sasa umeiondolea kizuizi. Niliwahi kufungua spika ya inchi 15 nikakuta bodi ina shimo jeusi la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 mahali daiodi zilipokuwa, njia za shaba zimebanduka, na karatasi ya sigara kwenye kishikio cha fyuzi ingali inang'aa, haina hata doa. Kazi ya daiodi nne ikawa kazi ya bodi nzima, na mwenyewe akanuna kana kwamba mimi ndiye niliyeiviringisha.

Kabla ya kuitupa fyuzi, itazame kioo chake. Kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, shoti ilikuwa kubwa, na ukiweka nyingine unapoteza pesa tu. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika mahali pamoja, huenda imechoka tu. Hapo jaribu moja, ya ampea zile zile na herufi ile ile. T huvumilia mvuto mkubwa wa umeme pale swichi inapowashwa. F hukatika upesi. Ukiweka F palipokuwa na T, spika isiyo na kasoro inaweza kuonekana mbovu. Muuza duka atakupa yoyote inayoingia, kwa hivyo nenda na ile ya zamani mkononi.

Mafundi wenzangu, nunueni balbu ya uzi ya wati 100, si LED, muiunge kwa mfululizo na spika mnayoijaribu, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye spika. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endeleeni. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ipo na hamjaunguza kitu kingine. Asiye fundi asifungue kabisa: kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imechomolewa.

Wengine huniambia: "Soketi iko sawa, simu inachaji." Chaja huvuta umeme kidogo sana, hata waya uliolegea unaitosha. Chomeka pasi ndipo tuongee. Kisha badilisha kebo ya spika. Ile ya kompyuta ya mezani mara nyingi huingia. Na kama yako ina plagi ya samawati ya kuzungusha, izungushe mpaka ijifunge, la sivyo haipitishi chochote. Kuna watu wamelipa nauli kuja Kisumu kwa ajili ya hiyo tu.

"Taa ya mbele haiwaki, basi imekufa." Baadhi ya spika taa hiyo huzimwa kwenye mipangilio, na nyingine hulala zisipopata sauti kwa muda. Izime, iwashe, piga muziki.

"Hii imetoka Marekani, ni imara." Huko ni volti 120, hapa ni 240. Tazama nyuma kama kuna swichi ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na uchomeke hapa, kama si fyuzi ni kapasita zitapasuka kwa kishindo.

Halafu kuna jenereta. Watu hudhani stima ni stima. Kwenye jenereta ya fezi tatu, nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikikatika soketi moja inaweza kupanda kuelekea volti 415, na pawasaplai haitakuuliza chochote. Washa jenereta, iache itulie, pima kila soketi kwa mita, ndipo uchomeke spika. MC akipiga kelele, mwache apige. Bado hana maikrofoni.