Skonzi za viazi za Wamoraviani wa Salem

Wateja wakionja skonzi zangu za Krismasi huniuliza nimetia nini mpaka zikawa laini hivyo. Nimetia viazi. Viazi mviringo, vilivyochemshwa na kupondwa vingali vya moto. Ufundi huo nimeutoa Salem, North Carolina, mji ulioanzishwa mwaka 1766 na Wamoraviani, waumini wa Kanisa la Moravian.

Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Moravian hapa Tanzania tunaijua karamu ya upendo. Chimbuko lake ni Herrnhut, Ujerumani, Agosti 1727. Ndugu 15 waliotoka Pennsylvania walipofika Bethabara, karibu na mahali Salem ilipokuja kujengwa, tarehe 17 Novemba 1753, waliifanya siku hiyohiyo ndani ya kibanda kilichohamwa. Karamu hiyo si Meza ya Bwana. Ni chakula cha kawaida, mkate (kwa watu wa Salem, ndizo skonzi hizi) na kinywaji, kinacholiwa pamoja ibadani. Kwa hiyo skonzi ziwatoshe wote, na zisikauke kabla ya ibada.

Hapo ndipo utamu wa kiazi. Wanga wake ulioiva hushika maji, mkate ukakaa na unyevu. Hamira nayo inapata chakula, donge likaumuka vizuri. Maji niliyochemshia viazi siyamwagi, ndiyo ninayokandia. Natia kungumanga na ganda la chungwa lililokwaruzwa, kisha juu ya kila skonzi nachora herufi M kwa ncha ya kisu, kama wanavyofanya wenyewe wa Salem.

Nyumba ya mikate ya Salem ilijengwa mwaka 1800, baadaye ikashikwa na Christian Winkler, mzaliwa wa Uswisi. Tanuri lake ni kuba la matofali, kama langu. Kuni huwashwa humohumo ndani hadi matofali yashibe moto, makaa yakakokolewa nje, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa kibichi. Narusha unga kidogo sakafuni: ukiungua mara moja, nasubiri, ukigeuka kahawia taratibu, naingiza. Siku ya kwanza sikusubiri. Skonzi zote ziliungua chini, ndani mbichi, na iliniuma sana. Moto huo mmoja unatosha kazi nzima: mikate mikubwa kwanza, kisha skonzi, na biskuti mwisho, joto likizidi kushuka.

Kanisani, vikapu vya skonzi hupita benchi kwa benchi, vikombe vya kahawa vikifuata. Hakuna anayemega mpaka kila mmoja amepata chake, na wote wamemwomba Bwana Yesu aje awe mgeni wao.