Hattie McDaniel hakuwa msindikizaji

Kwenye vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, filamu ikianza tu watu huulizana stelingi ni nani. Wengine wote huonekana wasindikizaji. Kwa mtazamo huo mwigizaji kama Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi, hapati haki yake, nami nimechoka kuzisikia dhana hizi.

Dhana: Lupita Nyong'o ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar.
Lupita ametuheshimisha Afrika Mashariki nzima, lakini yeye alishinda mwaka 2014. Hattie alishinda tarehe 29 Februari 1940, kama mwigizaji msaidizi katika filamu ya Gone with the Wind, alikocheza mjakazi, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo, si wanawake tu.

Dhana: Basi Hollywood ilimpokea kwa mikono miwili.
Hoteli ya Ambassador ya Los Angeles, ilikofanyika sherehe, haikuwa ikipokea weusi. Mtayarishaji David O. Selznick alilazimika kumwombea ruhusa ya kuingia, kisha Hattie akawekwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na wenzake. Uzinduzi wa filamu hiyo Atlanta, Desemba 1939, hakwenda kabisa kwa sababu ya ubaguzi wa Georgia. Hata sanamu hakupewa. Miaka ile waigizaji wasaidizi walipewa kibao cha tuzo badala ya sanamu.

Dhana: Alicheza ujakazi kwa sababu aliuridhia.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wazazi wake walizaliwa utumwani, na Ujiji, uliokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, hauhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Aliimba, akarekodi santuri, na kazi ilipokosekana akahudumia chooni kwenye klabu moja ya Milwaukee. Alipofika Los Angeles mwaka 1931, mwanamke mweusi aliachiwa nafasi za jikoni kwa wazungu, basi. Weusi wenzake walimlaumu, na walikuwa na hoja: filamu zile zilionyesha utumwa kama maisha ya raha. Lakini majirani wazungu walipokwenda mahakamani ili weusi waondolewe katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, Hattie alikuwa mbele miongoni mwa waliopambana, na mwaka 1945 wakashinda.

Dhana: Msaidizi ana kazi nyepesi.
Stelingi ana filamu nzima ya kuzoeleka. Msaidizi hupewa dakika chache, na ndani yake lazima umwamini. Mwigizaji msaidizi Beatrice Straight alipata Oscar kwa kuonekana chini ya dakika 6.

Dada wa Kigoma aliyepewa sehemu mbili za shangazi na kuona amedharauliwa, amtazame Hattie katika Gone with the Wind akipanda ngazi na mhusika mwenzake Melanie huku akimsimulia kilichotokea nyumbani baada ya mtoto wa stelingi kufa. Stelingi wote wawili hawapo mbele ya kamera, na ni yeye anayetufanya tuuone msiba wao.