Maji Haya Ni Safi? Inategemea Unayatakia Nini

Mtu huja maabara na chupa ya maji mkononi, akaiinua kuelekea dirishani ili nione mwanga unavyopenya, kisha akauliza: "Haya si safi haya?" Ukimsikiliza vizuri utajua jibu analo tayari, kilichobaki ni muhuri tu. Nami humrudishia swali: safi kwa kazi gani?

Sifanyi ukaidi. Neno "safi" tumelitwika mizigo mingi. Nguo iliyofuliwa ni safi, kazi iliyofanywa vizuri ni safi, na asiye na kinyongo ana moyo safi. Likifika kwenye maji hubeba mambo matatu kwa mpigo: kwamba hayana tope, kwamba yanafaa kwa ibada, na kwamba hayatamdhuru anayeyanywa. Kiswahili kina maneno ya kuyatenga hayo, maangavu, tohara na salama, ila katika mazungumzo ya kila siku yote matatu humezwa na "safi". Na magonjwa mengi ya maji hupita katika mwanya huo.

Tuanze na jicho, kwa kuwa ndilo tunaloliamini kupita kiasi. Kuanzia miaka ya 1970, visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi Bangladesh ili watu waachane na maji ya mabwawa yaliyojaa vimelea. Yalitoka maji maangavu, yasiyo na harufu, na watu wakayafurahia. Katika miaka ya 1990 ikathibitika kwamba mengi yalikuwa na arseniki iliyoyeyuka kutoka kwenye tabaka za udongo chini ya ardhi. Sumu hiyo haina rangi wala ladha, na huchukua miaka kujitokeza, kwanza kwenye ngozi, baadaye kama saratani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukigundua. Floraidi, madini mengine ya ardhini, nayo ni hivyo hivyo: ikizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa miaka mingi huanza kuharibu meno, na ikizidi sana hukakamaza mifupa, huku maji yenyewe yaking'aa kama kioo.

Ulimi nao si shahidi wa kutegemewa. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London, na kikaua watu zaidi ya 600. Pampu ya Broad Street ilisifika kwa maji matamu. Mjane mmoja aliyekwisha kuhamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda kiasi cha kuletewa chupa nyumbani, na kipindupindu kikamfuata huko huko. Kifo hicho kilikuwa miongoni mwa ushahidi mzito wa daktari John Snow, aliyekuwa akidai tangu 1849 kwamba ugonjwa huo huingia kwa njia ya maji, wakati wakubwa wa tiba wakishikilia kwamba ni hewa chafu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uling'olewa.

Kwa kawaida hadithi huishia hapo, daktari shujaa na mpini wake. Mimi huwa navutiwa zaidi na mtu wa pili. Henry Whitehead alikuwa padri kijana wa Kianglikana katika mtaa ule ule, na hakukubaliana na Snow hata kidogo. Akaamua kumkosoa kwa ushahidi. Alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: milango ilikuwa wazi kwake. Alikwisha kukaa vitandani pa wagonjwa, aliwajua wafiwa kwa majina, na aliweza kuwafuatilia hata waliokuwa wamehama. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa maji ya pampu na nani hakunywa, akarudi tena na tena kwa watu wale wale. Kadiri alivyozidi kuuliza, ndivyo hoja ya Snow ilivyozidi kusimama. Hatimaye ni yeye aliyefika kwenye kisa cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, iliyopakana na pampu, aliyeugua kuhara kabla ya wengine. Maji yaliyofulia nepi zake yalikuwa yakimwagwa kwenye karo la majitaka lililokuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Walipochimba, walikuta kuta za karo zimeoza na uchafu unapenya.

Kwa hiyo nikisikia wenzangu wakisema viongozi wa dini wasiingizwe katika utafiti wa afya, humkumbuka padri huyo. Snow alikuwa na nadharia na ramani ya vifo, lakini maswali yaliyokata mzizi yaliulizwa na mtu aliyezoea kusikiliza wenye huzuni, naye alikuwa mwaminifu kiasi cha kukubali kwamba alikosea.

Fasihi nayo ina lake. Mwaka 1882 Henrik Ibsen wa Norway alichapisha tamthilia kuhusu daktari anayegundua kwamba mabafu ya tiba yanayouletea mji wake utajiri yanalishwa na maji yaliyochafuliwa na viwanda vya ngozi. Anatarajia kushukuriwa. Ndugu yake, ambaye ndiye meya, anahesabu gharama, gazeti lililokuwa upande wake linageuka, na mkutano wa hadhara unamtangaza kuwa adui wa umma. Wengi huisoma kama kisa cha mkweli aliyeonewa, na ni kweli. Lakini sisi wa maabara tutazame tena kitendo cha nne: daktari anapopanda jukwaani anaacha kuzungumzia maji na kuanza kuwatukana wasikilizaji wake kwamba ni wajinga. Matokeo yake ya vipimo ni sahihi, ila hakuna aliyebaki wa kuyasikia.

Miaka kumi baadaye mambo ya jukwaani yakatokea kweli. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, na wakuu wa mji wakachelewa kukitangaza, kwa kuwa bandari ilikuwa na biashara ya kulindwa. Walikufa zaidi ya watu 8,000. Mji jirani wa Altona, uliochota maji katika mto ule ule wa Elbe, tena baada ya mto kupokea majitaka ya Hamburg, ulipona kwa kiasi kikubwa. Altona walichuja maji yao kwenye vitanda vya mchanga, Hamburg hawakuchuja. Kulikuwa na barabara ya mpakani ambayo upande mmoja waliugua na upande wa pili wakabaki wazima.

Sasa tuje kwenye tohara, yaani usafi wa ibada, ambayo watu huogopa kuitaja mbele ya mtaalamu kana kwamba atawacheka. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, maji mengi hayawi najisi mpaka najisi ibadili rangi, ladha au harufu yake. Ni kanuni yenye mantiki na inayotekelezeka: kila mtu ana macho, pua na ulimi. Ila inajibu swali la ibada, si la tumbo. Vivyo hivyo maji ya baraka kanisani. Utafiti wa Vienna uliochapishwa 2012 ulipima chemchemi takatifu na vyombo vya maji ya baraka nchini Austria na kukuta bakteria wa kinyesi katika sehemu kubwa yake, na vyombo vya makanisa yenye watu wengi vilikuwa na bakteria wengi zaidi. Utakatifu wa maji hayo haukupimwa, maana hakuna kipimo chake. Kilichopimwa ni mikono mingi iliyochovywa humo.

Kuna mfano mwingine unaohitaji utulivu kuueleza. Amiba aitwaye Naegleria fowleri huishi katika maji yasiyo ya chumvi yaliyopata joto. Ukimnywa hakudhuru. Akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo, na akifika huko wachache mno hupona. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini Karachi, Pakistan, umewahi kuwapata watu ambao hawakuogelea popote, na kusukutua pua kwa maji ya bomba wakati wa kutawadha kulitajwa kama njia mojawapo. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa tohara kwa ibada na mazuri kwa kinywa, lakini yasifae kuvutwa ndani kabisa ya pua. Kuyachemsha na kuyaacha yapoe hakuondoi tohara yake.

Salama ya tumbo tunaipima kwa bakteria aitwaye E. koli, ambaye makao yake ni utumbo wa binadamu na wanyama. Asionekane hata mmoja katika mililita 100. Akionekana, maana yake kinyesi kimepata njia, na kilichopitisha huyo kinaweza kupitisha kipindupindu au homa ya matumbo. Hapo kuchemsha mpaka maji yatokote barabara kunatosha. Klorini pia inafaa, ila maji yasiwe na tope, maana vimelea hujificha kwenye chembe zake, na yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa. Kama hakuna njia nyingine, hata kitambaa husaidia: katika vijiji vya Bangladesh, utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka nane kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hung'ang'ania viumbe vidogo vinavyonaswa na nyuzi. Tahadhari moja ambayo wengi hushangaa kuisikia: arseniki, floraidi na nitrati (itokayo kwenye mbolea na kinyesi) hazichemki zikaisha. Maji hupungua sufuriani, zenyewe hubaki, kwa hiyo unaishia kunywa zilizokolea zaidi.

Na ile chupa iliyoinuliwa dirishani hatukuipima. Ilikuwa ya soda, imesuuzwa kwa maji yale yale, imekaa kwenye mkoba tangu juzi. Bakteria watakaokutwa humo wanaweza kuwa wa chupa, wa mkono au wa kisima, na hatutajua ni wapi. Kwa sampuli ya bakteria tunatoa chupa yetu iliyotakaswa, usiyoshika mdomo wake wala ndani ya kifuniko, ijazwe moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, iwekwe kwenye barafu na irudi siku hiyo hiyo. Mwenye chupa aliipokea yetu, akaigeuza mkononi, akauliza kama aisuuze kwanza. Tukamwambia hapana.