Alama ya umri na toni: nani ataingia kutazama filamu ya fantasia?

Wengi wetu tunaiona alama ya umri kwenye bango la filamu kama onyo kwa wazazi. Ni onyo kweli, lakini kwa mwenye kutoa fedha alama hiyo ni hesabu ya viti. Filamu za fantasia huumizwa na hesabu hiyo kuliko nyingi, kwa sababu mazimwi na falme zisizokuwepo hujengwa kwa kompyuta na mamia ya mafundi. Bajeti ya dola milioni 200 hairudi kwa kutegemea vijana wa kiume peke yao. Lazima baba, mama, bibi na watoto waingie ukumbini pamoja.

Marekani ilianza mfumo wake wa madaraja ya umri kwa filamu Novemba 1968. Kwa muda mrefu palikuwa na pengo kubwa kati ya PG, ambayo mtoto yeyote aliweza kuitazama, na R, inayomtaka aliye chini ya miaka 17 aandamane na mtu mzima. Mwaka 1984 filamu mbili za PG, Indiana Jones and the Temple of Doom na Gremlins, ziliwatisha watoto na kuwaudhi wazazi. Steven Spielberg, aliyeshiriki katika zote mbili, akapendekeza daraja la katikati, na Julai mwaka huohuo PG-13, inayowaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, ikaanza kutumika. Fantasia kubwa nyingi zimehamia humo tangu hapo. Sehemu zote tatu za The Lord of the Rings zilipewa PG-13, na ya mwisho, ya mwaka 2003, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Vita vyake vinatisha na watu wanaowapenda watazamaji wanakufa. Kwa hiyo si kweli kwamba daraja la chini hulazimisha filamu iwe nyepesi.

Kinachosahaulika ni toni, yaani hali ya hisia ambayo filamu inabeba, iwe nyepesi au ya giza. Daraja hupangwa na bodi, ila toni ni ahadi ambayo mtazamaji ameisikia kabla hajakata tiketi. Mwaka 1985 Disney walitoa The Black Cauldron, katuni yao ndefu ya kwanza kupewa PG, baada ya kuigharimia takriban dola milioni 44. Ilikuwa na jeshi la wafu, na baadhi ya vipande vilikatwa mwishoni ili kupunguza hofu. Huko Marekani filamu hiyo iliingiza dola milioni 21 tu. Mzazi aliyezoea jina la Disney hakutarajia maiti zinazotembea, na kijana aliyezitaka maiti hizo hakudhani angezipata kwa Disney. Mkasi hauwezi kuponya kosa la aina hiyo, maana kosa liko kwenye ahadi yenyewe.

Tazama pia Narnia, mfululizo wa filamu za fantasia. Filamu ya kwanza, ya 2005, ilipata takriban dola milioni 745. Ya pili, Prince Caspian, ilibaki PG, lakini ilikuwa nzito na ya kivita zaidi, ikatolewa Mei 2008 katikati ya ushindani mkali. Mapato yakashuka hadi takriban milioni 419. Sisemi toni ndiyo sababu pekee. Lakini Harry Potter nayo iligeuka kuwa ya giza, ikapanda kutoka PG hadi PG-13 katika filamu ya nne mwaka 2005, na watazamaji wakaifuata. Mtoto aliyeanza nayo 2001 alikuwa ameongeza miaka minne, na giza lilikuwa limeingia polepole, filamu baada ya filamu.

Je, R ni kifo kwa fantasia? Hapana, mradi gharama ilingane na mlango uliofunguliwa, yaani idadi ya watazamaji wanaoweza kuingia. Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro, ya mwaka 2006, ilipewa R, ni ya Kihispania, ina ukatili usiofichwa, na mhusika wake mkuu ni mtoto ingawa si ya watoto. Iligharimu takriban dola milioni 19, ikaingiza zaidi ya milioni 80 na kutwaa Oscar tatu. Kwa bajeti ya Prince Caspian, iliyokuwa kubwa zaidi kwa mbali, mapato hayohayo yangekuwa hasara kubwa.