Betri ya rimoti si sarafu

Taa zimezimwa, mtoto ananong'ona: "Mama, nimemeza." Bibi anashauri tonge kubwa la ugali lisukume; mjomba anataka atapishwe. Wote wanakosea, ingawa kwa nia njema.

Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe chooni baada ya siku chache. Balaa ni betri bapa, ile ya rimoti au saa. Ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umeme wake huzalisha kemikali kali inayounguza nyama ndani ya saa 2, hata kama betri imechoka na mtoto anacheza tu.

Hujui alichomeza? Chukulia ni betri, nenda usiku huohuo hospitali yenye eksirei. Njiani, kama amevuka mwaka 1 na anameza vizuri, mpe asali: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Hupunguza tu kuungua.